Kuvuka Januari Bila Deni

Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu, Kawajense hapa Mpanda, na ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaa wetu. Kazi hizi mbili zimenifanya niangalie fedha kwa kalenda. Wanaofundisha uhuru wa kifedha redioni na kwenye semina karibu wote huanzia kwenye mshahara: ukipokea, tenga kiasi fulani kila mwisho wa mwezi, kisha wekeza. Ni ushauri mzuri kwa mwalimu na kwa askari. Lakini mkulima wa tumbaku wa Nsimbo, wa mpunga kule Majimoto au wa mahindi Kakese hapokei kitu kila mwisho wa mwezi. Hupokea mara moja kwa mwaka, na akipokea, hupokea zote.

Mezani kwangu msimu hauhitaji kutangazwa. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa na mpunga ukianza kutoka, watu hupanga foleni kutoa fedha mpaka keshi inaniishia kabla ya adhuhuri. Ikifika Novemba foleni imekwisha, na kinachopita ni vijisenti vya ndugu walio mbali, vinavyotolewa dakika ileile vinapoingia. Januari na Februari watu huja kuulizia mkopo. Sare na madaftari yanadaiwa, palizi inataka vibarua, mahindi yanataka mbolea ya kukuzia, chakula ndani kimepungua, na shambani hakuna cha kuuza.

Ndiyo maana nikiulizwa kujitegemea kifedha ni nini kwa mtu wa huku, nasema ni kuivuka Januari bila kukopa. Uvuke mwaka huu, uvuke na mwakani, mpaka watoto wako wakue wakidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Hisa, hatifungani na mifuko ya uwekezaji nitaieleza hapa chini kwa sababu naipenda na ninaitumia, lakini anayeiendea huku akiwa na deni la Januari anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja amechukua shilingi 40,000 mwezi Januari kwa makubaliano ya kulipa gunia moja la mahindi wakati wa mavuno. Tuseme siku ya kulipa gunia linauzwa 60,000. Kwa miezi mitano ametoa 20,000 juu ya 40,000, yaani asilimia 50. Gunia lenyewe halijauzwa bado: limehamia stoo ya aliyemkopesha, nalo litakaa huko hadi bei ipande. Sasa sijui mfuko wowote halali nchini unaoahidi asilimia 50 kwa miezi mitano. Elfu 40 za kwanza ambazo mama huyu ataziweka kando ili Januari ijayo asipige hodi kwa mtu, ndizo zitakazomzalishia kuliko fedha yoyote nyingine atakayoishika.

Mjini tuna mikopo ya kausha damu. Unachukua 100,000, unarudisha 130,000 mwezi ukiisha. Ukishindwa, unalipa 30,000 ya riba na deni linabaki palepale, mwezi baada ya mwezi. Ukifanya hivyo mwaka mzima umelipa 360,000 na bado unadaiwa ile laki yako. Wengine huacha kadi ya benki na namba ya siri mikononi mwa mkopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kumwomba mtu akuonyeshe leseni si utovu wa adabu. Namwambia kila mteja wangu hivyo: muulize, na akikasirika, umeshapata jibu lako.

Kijana mmoja mchimbaji alinijia jioni moja akiwa na uso unaong'aa. Duara lao, yaani shimo wanalochimba, lilikuwa limetema na mgawo wake ulikuwa mzuri.

"Dada, nishauri. Ninunue pikipiki au kiwanja?"

"Hela hii ni ya miezi mingapi, mdogo wangu?"

Hakunielewa, nikamrudia. Duara likikaa kimya, hela hii itakulisha wewe na mama yako kwa miezi mingapi? Tukakaa tukahesabu, na pikipiki ikaahirishwa.

Swali hilohilo ndilo la mkulima. Tuseme familia imelipwa milioni 3 za tumbaku baada ya chama cha msingi kukata deni la pembejeo. Matumizi ya nyumbani, kwa unyenyekevu kabisa, ni 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi kumi na miwili ni milioni 2.4. Mbegu na mbolea ya mahindi pamoja na vibarua vya msimu ujao, weka 400,000. Jumla 2,800,000. Kwa hiyo mtu aliyeshika milioni 3 mwezi Julai ana 200,000 za kuwekeza. Zilizobaki zina wenyewe tayari: wa Oktoba, wa Januari, wa Machi. Nimeona nyumba nyingi zikiyumba kwa kuwa Julai ilinunua bati na redio kwa fedha ya Februari. Naisema hesabu hii bila kumcheka yeyote, kwa sababu noti nyingi zikiwa mkononi kwa pamoja huonekana nyingi zaidi kuliko zilivyo, na hakuna aliyetufundisha shuleni kuzigawa kwa miezi.

Uwekezaji wa kwanza basi ni nafaka yako mwenyewe. Wakulima wa kanda hii wanamjua dumuzi, yule mdudu ambaye wengine humwita Scania, aliyeingia nchini kupitia kwa jirani zetu wa Tabora na kuanza kusumbua maghala mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa muda mrefu hofu ya dumuzi ndiyo iliyowafanya watu wauze mahindi yote mapema, bei ikiwa chini kabisa. Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama kinga njaa. Mahindi yakikauka sawasawa, ukafunga mfuko barabara, hewa ya ndani huisha na mdudu hufa bila dawa. Neno "yakikauka" nalitilia mkazo, maana mahindi mabichi ndani ya mfuko huo huota ukungu, na sumukuvu inayotokana nao haionekani kwa macho.

Lakini usihifadhi yote. Mwaka 2017 Serikali ilizuia kusafirisha mahindi nje ya nchi, na bei katika mikoa inayolima kwa wingi, wetu ukiwemo, ikaporomoka. Waliokuwa wamefungia ghala zima wakisubiri Januari waliuza kwa hasara. Mimi hushauri mafungu matatu: la kula, ambalo haliguswi, la kuuza mapema kwa mahitaji ya lazima, na la kusubiri bei, ambalo hata bei ikigoma halitaangusha nyumba.

Kikoba ni hatua ya pili, nami nakisemea kwa moyo wote. Kila wiki tunanunua hisa, zinaandikwa kwenye daftari, fedha zinaingia kwenye kasha lenye kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Tunakopeshana kwa riba ndogo, na riba hiyo inaturudia sisi wenyewe siku ya mgao. Zamani tulikuwa tunavunja kikoba Desemba, kama wanavyofanya wengi. Sikukuu zikala fedha, na Januari ikatukuta mikono mitupu, tukianza kukopa kwa ajili ya kununua hisa za mzunguko mpya. Tukakubaliana tugawane mara mbili: sehemu Novemba mapema, wakati wa mbolea ya kupandia, na sehemu Januari, shule zinapofunguliwa. Kiasi cha fedha hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni tarehe tu, na waliokuwa wakija kwangu kuomba elfu ishirini ishirini wakapungua.

Nizungumzie na ndugu, kwa kuwa waandishi wa vitabu vya fedha kutoka Ulaya na Marekani huwa hawawagusi. Fedha ikionekana, shemeji ataumwa, binamu atafiwa, mjomba atakwama nauli. Wapo wanaoshauri ukate kamba hizo ili utajirike. Sikubaliani nao. Siku dumuzi au moto au ugonjwa utakapopita kwako, hao ndio watakaokuja. Cha kufanya ni kuwapangia fungu. Kikoba chetu kina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na mimi nyumbani nina bahasha ya ndugu ya kila robo mwaka. Ikiisha, nasema kwa adabu kwamba imeisha, na mwenzangu huniamini kwa sababu anajua ipo.

Sasa tuje kwenye fedha za Januari zilizo mikononi mwako Julai. Zikikaa kwenye simu zitatoka, nina ushahidi wa kila siku. Zikikaa benki zina ulinzi: Bodi ya Bima ya Amana hulipa hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja iwapo benki itafilisika. Lakini akaunti ya kawaida hulipa riba ndogo sana. Kwa miezi hiyo sita mimi napenda Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali iliyotokana na UTT ya mwaka 2003. Unaanza na 100,000 na kuongeza kuanzia 10,000, kwa simu au kupitia benki. Fedha za watu wengi hukusanywa na kuwekwa kwenye amana za benki, dhamana na hatifungani za Serikali. Wewe unamiliki vipande, na bei ya kipande hupanda taratibu jinsi faida inavyoingia. Ukitaka kutoa, unaomba, na fedha huja ndani ya siku chache za kazi. Siku hizo chache ndizo ninazozipenda zaidi. Anayetaka kununua simu mpya kwa hasira ya usiku mmoja akiambiwa asubiri mpaka keshokutwa, mara nyingi keshokutwa haitaki tena.

Hatifungani za Serikali ni jambo kubwa zaidi, na watu wengi wa huku wanadhani ni za matajiri. Kununua moja kwa moja kwenye mnada wa Benki Kuu kunaanzia shilingi milioni moja. Unaikopesha Serikali kwa miaka 2, 5, 10, 15, 20 au hata 25. Serikali inakulipa riba kila baada ya miezi sita, na mwishoni inakurudishia milioni yako. Riba ya hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi. Unafungua akaunti ya CDS kupitia benki au dalali wa soko la mitaji, na hupewi karatasi ya kuficha chini ya godoro. Jina lako linaandikwa kwenye kumbukumbu na riba inaingia benki.

Muda wa kununua una uzito wake. Hatifungani ya kwanza ya miaka 25 ilitolewa 2021 kwa riba ya asilimia 15.95. Aliyeweka milioni moja siku hizo anapata 159,500 kwa mwaka na ataendelea kupata hivyo hadi 2046, hata viwango vya sokoni vibadilike vipi. Mwaka uliofuata, 2022, kiwango cha hatifungani mpya za miaka 25 kilishushwa hadi asilimia 12.56, yaani 125,600 kwa mwaka kwa milioni ileile. Kila mnada una kiwango chake, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa fedha.

Na uliza jambo moja zaidi, ambalo sijasikia likisemwa kwenye semina yoyote: inalipa mwezi gani? Riba huja kila miezi sita tangu tarehe ilipotolewa. Iliyotolewa Julai hulipa Januari na Julai. Iliyotolewa Aprili hulipa Oktoba na Aprili. Kwa mfanyakazi wa ofisini tofauti hiyo si kitu. Kwa sisi ndiyo kila kitu. Milioni 2 kwenye hatifungani ya asilimia 12.56 inayolipa Januari itakuletea 125,600 katikati ya palizi, mwezi ambao jirani yako anaahidi gunia lisilozaliwa bado. Ikiwa minada ya sasa haina mwezi unaoutaka, dalali anaweza kukutafutia ya mtu anayeuza yake kwenye soko la pili. Utalipa juu kidogo au chini kidogo ya thamani yake, kutegemea riba iliyobeba.

Wenzetu wa Marekani wana kipimo chao cha uhuru kamili. Mshauri wa fedha William Bengen aliandika mwaka 1994 kwamba mstaafu wa kule, akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza na kuongeza kulingana na kupanda kwa bei, fedha zake zingedumu walau miaka 30. Kutokana na hapo wengi hutaja mara 25: zidisha matumizi yako ya mwaka kwa 25, ukifika hapo uko huru. Nyumba inayotumia 350,000 kwa mwezi hutumia milioni 4.2 kwa mwaka. Mara 25 ni milioni 105.

Kuna anayenong'ona kwamba huku tunahitaji pungufu ya hapo, kwa kuwa milioni 33 na nusu kwenye hatifungani ya asilimia 12.56 zinaleta hizo milioni 4.2. Hesabu ni sahihi kwa mwaka wa kwanza. Lakini riba ile haiongezeki, na bei dukani zinaongezeka. Mfumuko wa bei wa miaka ya karibuni umekuwa karibu asilimia 3 hadi 4, ila watu wazima tunakumbuka Desemba 2011 ulipokaribia asilimia 20. Hata kwa asilimia 4 tu, baada ya miaka 18 kilichonunuliwa kwa 350,000 kitataka karibu 700,000. Kwa hiyo anayekula riba yote leo anaula uzee wake. Theluthi ya riba irudi kununua vipande au hatifungani nyingine, na baadhi ya mali iwe ya aina inayokua pamoja na bei: ardhi, mifugo, hisa.

Hisa nitazipitia haraka. CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Kuna wakati zilishuka chini ya hapo, na waliokata tamaa wakauza. Miaka ya karibuni zimepanda mno, na waliobaki wamekuwa wakipokea gawio. Kwa hiyo hisa ni za fedha ambayo hutaihitaji kwa miaka kumi.

Ng'ombe, ambao ndugu zetu Wasukuma wamekuja nao kwa wingi mkoani, ni hazina ya kweli: anazaa, anatoa maziwa, anapanda bei. Ila huwezi kuuza mguu wake mmoja kununulia sare. Anayemtegemea peke yake hujikuta akiuza mnyama wa laki kadhaa kwa shida ya elfu hamsini, tena kwa bei ya anayejua una haraka. Kiwanja nacho ni hivyohivyo, na hakikisha kimepimwa na jina kwenye hati ni la muuzaji.

Mji wetu wenyewe unajua hatari ya kutegemea kitu kimoja. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa enzi za Waingereza, karibu mwaka 1950, kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Baadaye mgodi ukafungwa. Reli ilibaki kwa sababu watu walipata vingine vya kupakia: tumbaku, mahindi, mpunga, asali ya Inyonga. Nyumba yenye tumbaku peke yake inangoja mnunuzi mmoja na mvua moja. Mizinga kumi porini au mama anayeuza mchele sokoni si mambo madogo pembeni ya shughuli ya baba. Ndiyo yanayoleta fedha katika miezi mingine.

Kuhusu utapeli, kila kizazi kinaletewa wake. DECI iliahidi watu "kupanda mbegu" na kuvuna maradufu mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Mwanzoni mwa 2025 ikaja LBL, watu wakiweka fedha ili walipwe kwa kutazama matangazo ya filamu, hadi polisi walipoanza kukamata wahusika mikoani. Wanaoingizwa si wajinga. Ni watu wenye fedha ya msimu mkononi na woga wa Januari moyoni, wakitafuta njia ya kuifanya itoshe. Ukiahidiwa asilimia 30 kwa mwezi, ilinganishe na 12.56 kwa mwaka anayolipa mwenye uwezo wa kutoza kodi nchi nzima, kisha uulize huyu wa asilimia 30 anaitoa wapi.

Kwenye kikoba chetu sasa kuna mjadala mkali. Tumeanza kuwa na ziada isiyokopwa kati ya Julai na Oktoba, kwa sababu wakati huo hakuna mwenye shida. Fedha inalala kwenye kasha. Mimi nimependekeza sehemu yake iende Ukwasi kwa jina la kikundi, saini tatu kama zilivyo funguo tatu, na ikishafika milioni tununue hatifungani ya Januari. Bibi mmoja, ambaye ni mkubwa wetu sote, amesimama akasema: "Mwanangu, mimi fedha nisiyoiona naiogopa. Tununue ndama." Wako wanaomuunga mkono, na hoja yake ina uzito, kwani ameona fedha nyingi za watu walioamini karatasi zikipotea. Nimemwomba aende nami benki yeye mwenyewe, aulize maswali yake yote kwa Kisukuma akitaka, na arudi awaambie wenzake alichosikia. Amekubali. Tunakwenda baada ya kuanika mpunga wake.